Kichuguu cha Pili

Mpanda mjini,
12 Oktoba 1997

Mdogo wangu Leodgar,

Nakusalimu wewe, wifi Specioza na watoto. Sisi huku wazima, ila Danford mgongo unamsumbua tangu ajitie kushusha magunia ya watu pale stesheni, utadhani kaajiriwa ukuli na siyo ukarani. Kitinda mimba wangu kang'oka meno mawili ya mbele. Mvua bado, na vumbi la Mpanda unalijua.

Sasa nisikilize. Barua ya shangazi Nyamizi umeipata? Amepanga Agosti ijayo, watu wakishavuna, tumjengee baba kaburi la saruji. Miaka sita yuko chini ya majani, na neno lake la mwisho wote tulilisikia: "Msiniache na majani." Saruji Danford ameahidi. Mimi nimeahidi picha. Baba maisha yake yote alipigwa picha moja, ile ya kadi ya ushirika, na mchwa waliila na kadi yake. Watoto wetu hawajui babu yao alifanana na nani. Kwa hiyo nitamchora mimi, siku hiyo tuiweke mbele ya kaburi watu wamwone.

Najua unacheka. Cheka umalize. Huku wananicheka kila siku. Nachorea kwenye viroba vya unga wa ngano nilivyovipigilia kwenye mbao. Rangi nachanganya mwenyewe, udongo na kiini cha yai, na nyumba hii yai likionekana tu limeshakaangwa. Juzi kuku wa mama mwenye nyumba kapanda juu ya kazi yangu akadonoa jicho lote. Jirani kaja kutazama, kasimama muda mrefu, nikasema leo nimepata mtu. Akaniambia, "Mama, kumbe unajua! Basi niandikie pale ukutani kwangu HAPA SI CHOO." Nikamwandikia. Ndiyo kazi yangu pekee inayoonekana mji huu.

Shida yangu ni udongo. Wa hapa ukikauka unageuka majivu. Nakumbuka siku tunamzika baba, ule uliotoka chini ulikuwa mwekundu hasa, viatu vya padri vilikataa kutakata. Nichotee huo, pembeni ya kaburi, kopo moja tu. Mpe dereva yeyote wa malori ya mpunga. Na ukienda, fyeka, Siku ya Marehemu ndiyo hiyo inakuja.

Dada yako anayekuamini,
Gaudensia


Majimoto,
9 Novemba 1997

Dada Gaudensia, shikamoo.

Sisi hatujambo. Shemeji Danford mpe pole ya mgongo, mwambie karani hubeba kalamu. Ng'ombe wa wafugaji waliingia kwenye bustani ya Specioza wakala mchicha wote, tumegombana, tumepatana. Nyumba mpya tumeshahamia, ila kile chumba cha nyuma tunacholala kinatushangaza. Jua linawaka, mvua hamna, na ukuta unatoka jasho. Asubuhi Specioza anaufuta kwa kanga kuukuu kama anayefuta mgonjwa. Nadhani fundi Malale alituharakishia tofali.

Udongo huo hapo, kopo limejaa. Nimechota kulekule. Kufyeka nimefyeka.

Ila dada, kwani lazima uwe wa pale? Udongo si udongo tu?

Mdogo wako,
Leodgar


Mpanda,
7 Desemba 1997

Leodgar,

Marahaba. Poleni na mchicha. Huku mvua imeanza, na siyo mvua ya kuomba, ni ya kutubu. Bati letu linavuja sehemu tatu, na sehemu moja ni juu ya kiroba changu kabisa.

Udongo wako umefika, asante, lakini umenitesa. Siku ya kwanza nimemchora baba vizuri tu, paji la uso, pua, masikio yake yale. Nimekwenda kupika. Asubuhi naamka, macho hayapo. Siyo kwamba yamefutika, hapana. Kiroba kimeyanywa. Nikachora tena. Asubuhi hayapo. Mara nne, Leo! Paji lipo, pua ipo, chini ya nyusi ni peupe kabisa. Danford anasema nimezidisha maji. Mimi siwezi kukwambia nilivyolia, mtu mzima na watoto wanne, nalilia kiroba.

Huo udongo umechota wapi hasa? Kichwani au miguuni? Msalaba wa mbao bado umesimama? Nijibu hili la msalaba, maana shangazi ananiuliza nami nasema ndiyo ndiyo kama kasuku.

Gaudensia


Majimoto,
15 Januari 1998

Dada, shikamoo, na heri ya mwaka mpya ingawa mwaka wenyewe unaogelea.

Mto umekata barabara, hakuna lori linalopita, barua hii itakufikia Mungu akipenda. Kawia ufike. Mpunga umelala chini ya maji. Watoto wana kikohozi. Ukuta wa chumba sasa unamomonyoka kabisa, tunazoa udongo kila asubuhi.

Nimekutumia mifuko mitatu. Nimefunga fundo moja, mafundo mawili, na mafundo matatu. Jaribu yote halafu uniambie ni upi umeshika. Usiache hata mmoja, dada, nakuomba. Uniambie mafundo mangapi.

Nawasalimia wote.

Leodgar


Mpanda,
1 Machi 1998

Mdogo wangu,

Mifuko yako imefika wiki iliyopita, wiki tano njiani, imelowa kama nguo za kichanga. Hatujambo. Danford kapona mgongo, sasa analalamika goti.

Fundo moja: asubuhi macho hayapo. Mafundo mawili: hivyohivyo. Nikasema basi, nimeshindwa, nitakuwa naandika HAPA SI CHOO mpaka nife.

Mafundo matatu, Leo. Sijui nikuelezeje.

Nimeanza baada ya kifungua kinywa, watoto wako shule. Brashi ilikuwa inakwenda yenyewe. Mimi huwa nahangaika na mdomo, nafuta, nachora, nafuta. Safari hii sikufuta kitu. Saa sita nimenyanyua kichwa, baba ananitazama. Siyo anayefanana na baba. Baba. Lile jicho la kushoto analolibana kidogo, anatazama mlangoni kama anasubiri mtu aliyechelewa. Pembeni ya pua kukawa na kidonge, nikadhani kiini cha yai kimegandia, nikataka kukibandua. Ndipo nikakumbuka kwamba baba alikuwa na chunjua pale. Mimi nilikuwa nimeisahau. Sikuichora, Leodgar. Nakuapia kwa mama.

Danford karudi mchana, kavua kofia mlangoni akasema, "Shikamoo mzee." Kisha akasimama hapo hapo, hajui kamwamkia nani. Tangu siku hiyo anakula chakula chake nje.

Ninaogopa, sikufichi. Lakini furaha niliyonayo ni kubwa kuliko woga. Miaka kumi naharibu viroba, leo nimechora kitu! Watu wakikiona Agosti hakuna atakayeniomba tena niandike choo.

Mafundo matatu ulichota wapi? Nahitaji zaidi, bega la kulia halijakamilika. Na msalaba hujanijibu. Mara ya pili hii.

Dada yako,
Gaudensia


Majimoto,
20 Aprili 1998

Dada, shikamoo.

Leo sina habari za kikohozi wala za mpunga. Mficha uchi hazai, naomba uisome barua hii ukiwa umekaa.

Sikufyeka. Siyo mwaka jana tu. Mwaka wa nne huu sijakanyaga pale. Kila ukiniandikia "umefyeka?" nakujibu ndiyo, kwa sababu ni rahisi kuandika ndiyo. Barua yako ya Oktoba ndiyo iliyonipeleka na kopo mkononi. Nikakuta majani ya kunifika kifuani, msalaba hakuna, mchwa wameumaliza. Nikazunguka. Dada, nimezunguka siku tatu katika shamba nililozaliwa, sikuliona kaburi la baba yangu. Nikachota udongo popote, nikakuandikia "kulekule".

Uliponijibu kwamba macho hayapo, niliisoma barua mara mbili. Nikajiambia, huyu anakataa udongo usio wake. Basi atanionyesha mwenyewe. Ndiyo maana ya mafundo. Nilichota sehemu tatu nilizozidhania, nikasubiri wewe unitajie. Nimekutumia kama mbwa wa kunusa, nisamehe.

Barua yako ilipofika ikisema mafundo matatu, nikashika jembe nikaenda pale nilipochota mfuko huo, ni karibu na mpaka wa shamba. Nikachimba mpaka kiunoni. Hakuna kitu, ardhi haijawahi kuguswa tangu dunia iumbwe. Nimerudi nyumbani nimechoka, namlalamikia Specioza, yeye kasema, "Baba Agape, ule mfuko wa tatu ulipasuka kwenye mvua, udongo wote ukaondoka na maji. Nikaona utanifokea. Nikajaza ule tunaozoa chini ya ukuta wa chumbani."

Unaelewa, dada? Mimi sikuelewa mara moja. Nilicheka kwanza.

Kesho yake nikapanda lori hadi Kibaoni kumtafuta Malale, yule Msukuma aliyefyatua tofali zangu. Unajua tofali nzuri hutoka kwenye kichuguu, udongo wake unanata. Kulikuwa na kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba, alikitumia chote, tofali zikapungua za chumba kimoja. Mimi nilikuwa hukohuko Kibaoni na mpunga. Akaniletea mtu kuniuliza afanyeje. Nikamjibu kwa mdomo wangu huu, "Mwambie achimbe kichuguu kinachofuata." Nilikuwa nakifikiria kile cha kisimani.

Malale hakukataa. Kasema, "Kilichofuata kilikuwa kile kidogo, kirefu kirefu, chekundu, mchwa wamekijenga juu. Nilikuta kipande cha ubao na msumari. Nikasema labda ni zizi la zamani." Akaniuliza kwa nini nauliza. Nikaaga, nikapanda lori la kurudi.

Alichimba mpaka kiunoni, hakufika chini. Baba mwenyewe hajaguswa, yuko palepale, juu yake kuna shimo la tofali limejaa maji ya mvua hizi, bata wa Specioza wanaogelea. Na ule udongo tuliomfunika kwa mikono yetu, wewe na mimi na shangazi, nimeujengea chumba. Miezi yote hii mke wangu anafuta jasho lake kwa kanga.

Hivyo ndivyo nilivyomwacha na majani. Nimemwacha hata bila majani.

Leodgar


Mpanda,
4 Mei 1998

Leodgar,

Sikusalimu.

Barua yako nimeisoma nimekaa, kisha nimeisoma nimesimama, kisha nimeipeleka mbele ya picha nikamsomea mwenyewe. Hukunidanganya mimi tu. Miaka minne! Mimi hapa najisifu kwa majirani kwamba mdogo wangu ndiye mlinzi wa nyumba yetu.

Nimefikiri siku tatu. Usibomoe. Una watoto wadogo na mvua hazijaisha. Saruji ya Danford ije ipige lipu hicho chumba, ndani na nje, muandike jina la baba na tarehe juu ya mlango, nyie mhamie mbele. Lile shimo lifukieni. Shangazi tutamweleza taratibu.

Mimi bado nina hasira. Lakini kikohozi cha watoto kimekuwaje?

Gaudensia


Majimoto,
9 Mei 1998

Dada, shikamoo.

Hujanijibu na siwezi kungoja. Nimebomoa chumba. Tofali zilikuwa mbichi, hatukuzichoma, kwa hiyo zimevunjika kirahisi. Tumezitwanga kwa mchi wa kinu, mimi na Specioza, tumetoa maji shimoni kwa ndoo siku nne, tumerudisha udongo wote, mpaka ule wa kwenye ufagio. Tumejaza, tumeshindilia. Sasa tunalala sebuleni na watoto na bata.

Nimemwambia shangazi Nyamizi mwenyewe. Hakunipiga, afadhali angenipiga. Alisema neno moja tu: "Wote urudi."

Dada, nadhani unajua sasa nataka kusema nini. Udongo uliobaki nje ni ule ulioko kwako.

Leodgar


Mpanda,
14 Juni 1998

Mdogo wangu,

Salamu kwenu wote. Barua zetu zimepishana njiani.

Jibu langu ni hapana. Mwambie shangazi ni hapana. Hajui yeye. Hajui kuamka kabla ya watu ili upate yai moja. Hajui kuchekwa na mwanao mwenyewe, "mama, huyu ni baba au ni kiazi?" Nimepata kitu kimoja maishani kilichotoka kama nilivyokiona kichwani, na nyie mnataka nikifukie kama mzoga? Kosa ulifanya wewe na kichuguu chako. Kwa nini nilipe mimi?

Ni kiganja kimoja tu cha udongo. Baba hawezi kunikatalia kiganja.

Gaudensia


Majimoto,
12 Julai 1998

Dada, shikamoo. Hatujambo, kikohozi kimekwisha.

Sikulazimishi, sina haki hiyo. Nakuandikia nilichokiona tu. Kaburi tumelishindilia hata ng'ombe akipita haliachi alama. Lakini kila Jumapili tunalikuta limezama katikati, juu tu, mahali pa uso. Siyo sana. Kiganja kimoja. Tunajaza udongo mwingine, Jumapili tunakuta kiganja kimoja.

Fundi wa saruji kaja kaangalia, kasema hapo hajengi mpaka patulie.

Ni hayo.

Leodgar


Mpanda,
6 Septemba 1998

Mdogo wangu Leodgar,

Nilifika salama, tumbo likaniuma wiki nzima kwa wali wa wifi. Msalimie sana, mwambie kanga nitamletea mpya, ile ya kufutia ukuta aichome. Danford sasa anakula ndani.

Sijakwambia kitu kuhusu siku ile, na wewe hukuniuliza, asante. Shangazi alikuwa keshatangazia Majimoto nzima kwamba binti wa mzee Melkior analeta picha, basi nilipotokea mbele ya watu mikono mitupu kila mtu alikuwa ananiuliza, "Msanii, iko wapi?" Nikasema imeharibika. Wakacheka. Nawe ulikuwa umeshaifukia kaburini alfajiri ya siku hiyo, umeikunja vizuri, nilikuona unavyoikunja. Watu mia mbili walikuja kumwona baba, na kazi yangu nzuri kuliko zote ilikuwa chini ya miguu yao, hakuna hata mmoja aliyeijua. Iliniuma. Inaniuma na leo. Ila ulipoandika kwamba wiki tatu sasa pametulia, saruji haina hata ufa, nilikaa chini nikalia kwa kushukuru.

Kuna jambo moja, nitakwambia wewe peke yako.

Jana nilirudia kuchora. Nilisema nianze na kitu kidogo, nisijiumize moyo. Nikamchora yule kuku wa mama mwenye nyumba, mwizi wa macho, kwa udongo wetu huu wa Mpanda unaogeuka majivu. Nikaenda kupika. Leo asubuhi nimemkuta amekauka, mwekundu, ananitazama. Jicho la kushoto amelibana kidogo. Anaangalia mlangoni. Na pembeni ya mdomo, Leo, kuku huyo ana chunjua.

Ni brashi. Tangu picha ya baba sikuiosha. Ilikuwa ndani ya kikombe, ngumu kama mti, nikailoweka tu nikaanza kazi. Udongo wa baba ulikuwa umebaki kwenye manyoya ya brashi, kidogo mno, usingejaza hata ukucha.

Nimekaa nayo toka asubuhi, ndoo ya maji iko pembeni yangu. Sijaiosha. Kuku nimemtundika chumbani, nyuma ya mlango.

Shangazi akiuliza, mwambie udongo wote umerudi. Nami nitasema hivyohivyo. Kaburi likizama niandikie upesi, hata kama ni kwa simu ya upepo. Lisipozama, usiniulize kitu.

Dada yako,
Gaudensia